Filamu tano za anga za juu, na mahali Afrika Mashariki ilipo ndani yake

Hivi karibuni, katika kipindi chetu cha jioni, tuliwaomba wasikilizaji watutajie filamu ya anga za juu wanayoipenda kuliko zote. Ujumbe ulikuja kwa wingi, na katikati yake msikilizaji mmoja wa Kipalapala akatuuliza: "Hizo ni hadithi za Wamarekani na maroketi yao. Sisi wa huku zinatuhusu nini?" Hewani hatukuwa na jibu la haraka. Tuliahidi kulitafuta, na makala haya ndiyo jibu letu.

Tumechagua filamu tano. Hatusemi ndizo bora duniani. Tumezichagua kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanazifahamu, na kwa sababu kila moja ina kamba inayoifunga na ukanda wetu. Kwa kila filamu tunaeleza inahusu nini, kipi ni kweli na kipi ni ubunifu.

Tunaanzia hapa nyumbani

Filamu ya kwanza maarufu ya safari ya mwezini ilitengenezwa Ufaransa na Georges Méliès mwaka 1902. Haina sauti, na inachukua takriban robo saa tu. Lakini mwezi ulikuwa kwenye vinywa vya watu wa mkoa wetu kabla sinema haijabuniwa. Jina Wanyamwezi mara nyingi huelezwa kuwa ni "watu wa mwezi": watu wa pwani waliwaita hivyo wenzao wa bara, kwa kuwa mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi, na huko ndiko wapagazi na misafara ilikotoka.

Wageni waliopita njia hiyo ya misafara nao walitegemea anga. David Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi, alikuwa akipima jua na nyota ili ajue yuko wapi kwenye ramani. Kuangalia juu ili ujue ulipo chini ni kazi ya siku nyingi katika Unyanyembe.

Filamu zenyewe wengi wetu tulizionea kwenye vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, tukisikiliza sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya mwigizaji. Lufufu wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliojenga kazi hiyo Tanzania, na Kenya wana DJ Afro. Watafsiri hawa hawakufasiri maneno tu, waliongeza utani na mifano ya mtaani, na filamu ya mbali ikawa yetu.

1. Star Trek: afisa mwenye jina la Kiswahili

Star Trek ilianza kama tamthilia ya televisheni Marekani mwaka 1966, na filamu yake ya kwanza ya sinema ikatoka mwaka 1979. Inahusu chombo cha anga kiitwacho Enterprise na wafanyakazi wake wanaozunguka kati ya nyota.

Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho ni mwanamke anayeitwa Uhura. Jina hilo limetokana na neno letu "uhuru". Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alieleza kwamba alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa na riwaya iitwayo Uhuru mkononi, na mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo na kulilainisha likawa Uhura. Katika filamu ya mwaka 2009, ambamo Zoe Saldana alishika nafasi hiyo, watazamaji wakasikia pia jina lake la kwanza: Nyota. Kwa maelezo ya tamthilia, Uhura ametoka Afrika, na lugha yake ni Kiswahili. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa Marekani, Septemba 1966, kiumbe aliyejigeuza sura ya mwanaume anamsemesha kwa Kiswahili.

Mambo haya hayakuishia kwenye skrini. Nichols alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa watu Weusi walikuwa wakimwona mtu wao akiwa na kazi ya heshima katika siku zijazo. Kuanzia mwaka 1977 Nichols aliisaidia NASA kutafuta wanaanga miongoni mwa wanawake na watu Weusi. Mae Jemison, aliyesema Uhura alimpa hamasa alipokuwa mtoto, aliruka Septemba 1992 na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kwenda anga za juu.

Ukweli na ubunifu: chombo kinachokwenda kasi kuliko mwanga hakipo, na sayansi tuliyonayo haioneshi namna ya kukitengeneza.

2. Return of the Jedi: rubani anayesema Kikuyu

Hii ni filamu ya mwaka 1983 katika mfululizo wa Star Wars. Katika vita vya mwisho, rubani Lando Calrissian ana msaidizi mwenye mashavu makubwa yaliyoning'inia na macho meusi, anayeitwa Nien Nunb. Huongea lugha ambayo kwa watazamaji wa Marekani ilikuwa lugha ya sayari nyingine.

Lugha hiyo haikubuniwa. Sauti ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, naye alizungumza Kikuyu na Kikalenjin. Watazamaji wa Kenya walielewa kinachosemwa huku dunia nzima ikidhani ni sauti za kubuni. Baadhi ya maandishi ya zamani yalidai ni Kihaya cha Kagera, na dai hilo bado linazunguka. Si sahihi. Rotich aliitwa tena kutoa sauti ya Nien Nunb katika The Force Awakens ya mwaka 2015.

Habari hii inaweza kukufurahisha na kukuchoma kwa wakati mmoja. Inafurahisha kusikia lugha ya jirani zetu ikiendesha chombo vitani. Lakini ilichaguliwa kwa sababu ilionekana ngeni kabisa, kana kwamba hakuna binadamu anayeisema nyumbani kwake. Ukiitazama filamu hiyo na vijana, liongeleeni hilo pia.

Ukweli na ubunifu: milipuko yenye kishindo ni ubunifu. Sauti husafiri ndani ya hewa, maji au kitu kigumu, na kati ya sayari hakuna hewa ya kuibeba. Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 ililizingatia hilo, na vivyo hivyo Gravity ya mwaka 2013.

3. Interstellar: shimo jeusi na setilaiti ya Malindi

Filamu hii ya Christopher Nolan ilitoka mwaka 2014. Mazao yanakufa duniani kwa vumbi na magonjwa, na mkulima aliyewahi kuwa rubani anatumwa kutafuta sayari nyingine. Safari inampitisha karibu na shimo jeusi, kitu chenye uzito mkubwa mno kiasi kwamba hata mwanga hautoki ndani yake. Mshauri wa kisayansi alikuwa Kip Thorne, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2017.

Ushahidi wa mwanzo wenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo ulipatikana kupitia chombo kilichorushwa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, basi setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota.

Uhuru iliangalia kitu kinachoitwa Cygnus X-1 na kuona mionzi yake ikibadilika haraka mno. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika haraka namna hiyo, kwa hiyo wanasayansi wakajua wanatazama kitu kidogo sana. Wengine walipopima nyota inayozunguka nacho, waligundua kwamba kitu hicho kidogo kina uzito wa kutisha. Leo kinakubalika kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Nobel mwaka 2002.

Ukweli na ubunifu: katika filamu, saa moja kwenye sayari iliyo jirani na shimo jeusi ni sawa na miaka 7 duniani. Kipimo hicho kimekuzwa kwa ajili ya hadithi, lakini kanuni ni ya kweli: karibu na kitu kizito muda huenda polepole. Hata simu ya bodaboda inayotumia ramani inategemea kanuni hiyo. Saa za setilaiti za ramani hutangulia za duniani kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, kila siku. Zisiporekebishwa, ndani ya siku moja ramani ingekosea kwa takriban kilometa 10.

4. The Martian: mkulima peke yake

Filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2015, iliyotokana na riwaya ya Andy Weir. Mwanaanga Mark Watney anaachwa kwenye sayari ya Mirihi, wenzake wakidhani amekufa. Chakula hakimtoshi. Anachukua udongo wa Mirihi, anauchanganya na kinyesi cha binadamu kama mbolea, anatengeneza maji na kupanda viazi ndani ya hema.

Hii ndiyo filamu iliyotajwa zaidi na wasikilizaji wetu wakulima, na tunaelewa kwa nini. Watney hashindi kwa bunduki. Anahesabu kila kiazi, anapima maji, anakadiria siku zilizobaki mpaka msaada ufike. Kaya yoyote iliyowahi kugawa mahindi ya ghalani mpaka mavuno yajayo inajua hesabu hizo.

Ukweli na ubunifu: dhoruba inayoanzisha kisa haiwezekani. Hewa ya Mirihi ni nyepesi sana, shinikizo lake halifiki hata asilimia 1 ya shinikizo la hewa yetu, hivyo upepo wake hauwezi kuangusha chombo. Udongo wa huko pia una chumvi zenye sumu zinazoitwa paklorati, ambazo lazima ziondolewe kabla ya kulima.

5. Pumzi: siku zijazo zikisimuliwa na Mkenya

Ya tano haiendi anga za juu, nasi tumeiweka kwa makusudi. Pumzi ni filamu fupi ya dakika 20 na ushee, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009 na kuoneshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2010. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa kama chombo cha anga, miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji. Kila tone linarudishwa kutumika, hata jasho. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, anapata udongo usio na sumu, anapanda mbegu ndani yake na inachipua. Wakubwa wanamkataza kutoka nje. Anatoroka akiwa na mche wake.

Katika mkoa ambao miti ya miombo hukatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku na kuchoma mkaa, na ambako watu wengi wanakumbuka foleni za ndoo kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika, Pumzi haihitaji mtafsiri.

Na Unguja nayo

Kuna kisa kimoja cha kweli kinachostahili filamu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, NASA ilikuwa na kituo cha mawasiliano kisiwani Unguja, kimoja kati ya vituo vilivyowafuatilia wanaanga wa kwanza wa Marekani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, alizungumza na kituo cha Kano, Nigeria, kisha na Unguja, kabla ya kuingia usiku juu ya Bahari ya Hindi. Wapo Wazanzibari waliokipinga kituo hicho wakihofia ni kambi ya kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, na mwaka huohuo kikafungwa. Filamu ya Hidden Figures ya mwaka 2016 inaonesha hesabu zilizoifanikisha safari hiyo ya Glenn, ila haina Unguja.

Jibu letu kwa Kipalapala

Basi, ndugu yetu wa Kipalapala, zinatuhusu hivi: jina la afisa ni letu, lugha ya rubani ni ya jirani zetu, setilaiti iliyofungua njia ya mashimo meusi ilirushwa kutoka pwani yetu na ikapewa jina la Kiswahili, na sauti ya mwanaanga ilipokelewa Unguja. Lakini ulikuwa na haki ya kuuliza. Katika nyingi ya habari hizi sisi tulitoa jina, sauti au mahali, na wengine wakashika usukani. Pumzi inaonesha kwamba usukani nao unashikika.

Tunawaomba walimu na wazazi jambo moja dogo. Mtoto wa kike akikuuliza kama mtu wa Tabora anaweza kusomea nyota, usimcheke. Mtoe nje usiku umeme ukikatika, mwoneshe mwezi upande wa magharibi, kisha mwambie kuna chombo kiliwahi kuitwa Uhuru.