Shujaa aliyejiigiza mwenyewe
‘To Hell and Back’ ni filamu ya Marekani ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Jesse Hibbs. Audie Murphy, aliyetunukiwa Medali ya Heshima kwa ushujaa aliouonyesha nchini Ufaransa Januari 1945, anajiigiza mwenyewe. Leo imepitwa na wakati: askari wanaanguka karibu bila damu. Ajabu ni kwamba mwigizaji mkuu aliyajua vyema yaliyofichwa. Jinamizi la vita lilimwandama, akawa analala na bastola chini ya mto. Filamu haikuligusa hilo. Sinema za baada ya vita vya Vietnam, mathalani ‘The Deer Hunter’ (1978), ndizo zilizoyaweka majeraha hayo ya akili katikati ya hadithi. Murphy alikuwa keshafariki katika ajali ya ndege mwaka 1971.