Behewa la Vifurushi Lililotufikia kwa Maji

Ndugu wanaKirando, reli haijafika kwetu hata siku moja, lakini wengi wetu tumekua kwa vitu vilivyopita ndani ya behewa la vifurushi. Ni lile behewa lisilo na viti, lililofungwa kwenye treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Kigoma: baiskeli, magodoro, masanduku ya bati, kila mzigo na jina la mpokeaji. Kigoma reli inaishia. Mzigo wa kwetu ukashushwa ukapakiwa Liemba, meli iliyokuwa chini ya shirika hilo hilo la reli.

Meli yenyewe ilikuja kama mzigo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha bara kwa reli. Kigoma ikaungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi walikuwa wamezipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa letu upande huu wa kusini.

Desturi ya reli ni kwamba behewa likichakaa halitupwi. Linavutwa pembeni, linakuwa stoo au kambi ya mafundi wa njia. Liemba nayo imebadilishiwa kazi: 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo, na Mei 2015 ikawatoa Warundi Kagunga kuwapeleka Kigoma.

Sisi tunaikumbuka kwa honi ya usiku. Haikufunga gati, ilisimama majini, mitumbwi ikaifuata, magunia ya dagaa yakapanda, saruji na sukari zikashuka. Na hapo ndipo hasara ilipokuwa (mniwie radhi, mimi ni mhasibu). Mzigo ulisafiri kilomita zaidi ya 1,250 kwa treni, na ziwa juu yake, ukafika mkavu. Ukaja kulowa mchangani kwetu, mwenyewe akiwa bado hajapata habari. Dagaa nao walinyeshewa hapo hapo wakisubiri meli.

Kigoma behewa lilikuta stoo. Kwetu halikukuta kitu, na bado mzigo unalala nje. Mwaka huu tunachangia banda la mizigo pale ufukweni: bati, sakafu ya zege, mlango wenye kufuli na daftari la mapokezi. Mweka hazina anapokea fedha, saruji na mbao pia, na kila atoaye atapewa stakabadhi.