Mtoto Asiyetulia: Kutoka Mregho Hadi Kidonge

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1890, wakiwa na Askofu Raoul de Courmont. Misheni yao inakumbukwa kwa kahawa, na ni haki yake, maana mibuni ndiyo iliyokuja kuwalipia Wachaga wengi karo. Kuna kitu kingine kilichopanda mlima pamoja nao ambacho hakisemwi sana: benchi la shule. Kabla ya benchi hapakuwa na mtu aliyemtaka mtoto wa miaka 7 akae mahali pamoja asubuhi nzima, akitazama mbele.

Si kwamba mtoto huyo hakufunzwa. Vijana walifundwa kwa mregho, fimbo iliyochongwa alama. Mzee alizipitia alama hizo moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na somo lake. Mengine walijifunza kazini, kwenye kukata majani ya ng'ombe na kuelekeza maji ya mfongo, yaani mfereji, kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kilutheri, aliandika kitabu kizima juu ya utoto wa Kichaga, Chaga Childhood, kilichochapishwa mwaka 1940. Humo mna michezo, kazi na adhabu za wazazi, na utundu ni jambo la malezi.

Miaka 3 kabla ya kitabu hicho kutoka, huko Rhode Island, Marekani, utundu ulikwishaingia hospitalini. Daktari Charles Bradley aliwapiga watoto aliokuwa akiwatibu picha ya ubongo kwa njia ya zamani: maji ya uti wa mgongo yanatolewa, hewa inaingizwa, kisha mtoto anaumwa kichwa vibaya. Akawapa Benzedrine, ambayo ni amfetamini, akitumaini mwili utatengeneza maji hayo upesi. Vichwa havikupona kama alivyotaka. Darasani, hata hivyo, karibu nusu ya watoto 30 walianza kushika masomo, na wenyewe wakaiita dawa hiyo vidonge vya hesabu. Kichocheo kinachomnyima mtu mzima usingizi kilikuwa kimemtuliza mtoto, jambo ambalo hadi leo wazazi wengi hulisikia wakadhani wanataniwa.

Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza dawa ya jamii hiyo. Mkewe Marguerite, Rita kwa kifupi, aliijaribu kabla ya kucheza tenisi, nayo ikaitwa Ritalin. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliliita tatizo lenyewe upungufu wa umakini. Mwaka 1987 utukutu ukaongezwa kwenye jina.

Huku kwetu Tanzania tiba ya mtoto asiyetulia ilikuwa kiboko. Kanuni za elimu za mwaka 1979 zilikiruhusu. Zile za 2002 zilipunguza idadi hadi viboko 4, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu hicho kikijazwa inavyotakiwa, nakiona ni faili la afya. Jina likirudi humo wiki baada ya wiki, kosa likiwa lile lile la kuzunguka darasani na kutomaliza kazi, ni wazi kwamba kiboko hakitibu kinachomsumbua mtoto huyo. Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote, lilijaza madarasa, kufutwa kwa ada miaka ya 2000 kukayajaza tena, na mwalimu mwenye watoto wengi kuliko wale 45 wa mwongozo wa serikali hana nafasi ya kuchunguza nani anashindwa na nani anakaidi.

Kushindwa huko kunaweza kutokana na dawa au homa. Dawa ya ubongo iliyozoeleka katika zahanati zetu ni fenobabitoni, ya kifafa. Ni ya bei nafuu na imewaokoa wengi; Dk. Louise Jilek-Aall aliitumia kule Mahenge tangu enzi za kliniki yake ya kwanza ya kifafa. Ila kwa baadhi ya watoto huleta utukutu wenyewe. Malaria nayo ina mkono wake: watafiti katika Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo na kukuta umakini umepungua kwa baadhi yao. Kilema iko juu, mbu si wengi, lakini familia nyingi zina shamba la chini, na watoto hushuka huko.

Ritalin yenyewe iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena 2021, likiona ushahidi wa faida na usalama wake hautoshi. Sishangai sana, ingawa kuna mtoto ambaye ingemfaa.

Vigezo vya Marekani vya mwaka 2013 vinataka dalili zionekane kabla ya miaka 12 na katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Kwa Kilema sharti hilo ni zito. Mtoto anayepanda na mzigo wa majani bila kuuangusha, akawagawia ng'ombe na kufunga zizi, kisha akashindwa darasani tu, hajatimiza vigezo. Mzazi anayeteremka naye hospitali ya KCMC, Moshi, aanze kumweleza daktari habari za zizini, na asiache kutaja homa zilizopita na vidonge anavyokunywa.