Jimmy Blanton na Sauti ya Besi katika Jazz

Besi kubwa ni ala ya jamii ya fidla, yenye nyuzi nne na kimo kinachompita mpigaji wake. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua: hukaa nyuma ya fidla, udi na ganuni, ikidonolewa kwa vidole na kushikilia mwendo wa wimbo. Katika jazz ya Marekani nayo ilianza na kazi hiyo hiyo. Aliyeitoa nyuma na kuipa zamu ya kusema ni Jimmy Blanton, kijana aliyerekodi na bendi ya mpiga piano Duke Ellington kwa miaka miwili tu, kuanzia mwisho wa 1939, kisha akafariki akiwa na miaka 23.

Katika bendi za mwanzo za New Orleans, mpigaji besi kama Pops Foster aliuvuta uzi kwa nguvu na kuuachia ugonge ubao, ili mlio upenye kati ya matarumbeta na ngoma. Studio za wakati ule hazikumsaidia. Hadi 1925 sauti ilinaswa kwa pembe kubwa, bila umeme, na noti nzito za nyuzi zilipotea njiani. Kwa hiyo bendi nyingi zilitumia tuba badala ya besi. Maikrofoni za umeme zilipoingia, besi ilianza kusikika kwenye santuri, na Wellman Braud, aliyejiunga na Ellington 1927, alikuwa miongoni mwa waliofaidika mapema. Katika miaka ya 1930 Walter Page, wa bendi ya Count Basie, alikamilisha mtindo wa kutembea: noti moja kwa kila pigo, zikipanda na kushuka kwa utulivu kama hatua za mtu barabarani. Hata hivyo solo za besi zilikuwa chache. Zilipokuja, mara nyingi zilikuwa mwendo ule ule wa kutembea, ila ala nyingine zimenyamaza.

Blanton alizaliwa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Oktoba 1918. Mama yake alikuwa mpiga piano mwenye bendi yake, na mtoto alianza na fidla kabla ya kuhamia besi. Baada ya kusoma chuoni Nashville alikwenda St. Louis. Huko alipiga na okestra ya Jeter-Pillars, na pia kwenye meli za starehe za mto Mississippi, katika bendi ya Fate Marable. Ellington alimkuta St. Louis mwishoni mwa 1939 na kumchukua, ingawa tayari alikuwa na mpigaji besi, Billy Taylor. Kwa muda mfupi bendi ilibeba besi mbili. Mapema 1940 Taylor aliondoka, na kazi yote ikabaki kwa kijana wa miaka 21.

Ubora wa Blanton unaanzia kwenye mlio. Nyuzi za wakati ule zilikuwa za utumbo wa mnyama, na ukumbini mpigaji alitegemea mkono wake kuliko mtambo wowote. Noti zake zilikuwa nene na ndefu. Hazikufa mara tu baada ya kudonolewa, bali zilidumu mpaka noti iliyofuata izipokee. Shingo ya besi haina vigawanyo kama vya gitaa, na kidole kikiteleza kidogo tu noti huharibika, lakini Blanton aligonga sauti sahihi hata alipokwenda mbio. Juu ya msingi huo aliweka jambo jipya zaidi: solo zake zilisimulia. Badala ya noti moja kwa kila pigo, alipanga noti mbili, na pengine nne, katika sentensi zenye mwanzo, mapumziko na mwisho, kama za mpiga saksofoni.

Ellington alilielewa jambo hilo mapema na akatunga kwa ajili yake. Novemba 1939 wawili hao waliingia studio bila bendi, wakarekodi piano na besi pekee, jambo lililokuwa geni katika jazz. Tarehe 1 Oktoba 1940, siku nne kabla Blanton hajatimiza miaka 22, walirudia mjini Chicago kwa nyimbo nne. Katika Pitter Panther Patter piano na besi hupokezana maneno mafupi mithili ya watu wanaojibizana mashairi. Katika Body and Soul Blanton huchukua upinde na kuiimbisha besi kwa sauti ndefu ya fidla yake ya utotoni.

Pamoja na bendi nzima, kilele kiko katika santuri za 1940, kila upande ukiwa na dakika zipatazo tatu. Jack the Bear, ya tarehe 6 Machi, hufunguka kwa besi ikijibizana na bendi, na ni besi hiyo hiyo inayoufunga wimbo. Siku ile ile ilirekodiwa Ko-Ko: karibu na mwisho wake ala za shaba na saksofoni hunyamaza ghafla, na besi ikasimama peke yake katika pengo, kisha bendi ikarudi kwa kishindo. Tarehe 7 Novemba 1940, mashabiki wawili vijana, Jack Towers na Dick Burris, walichukua mashine ya kuchonga sahani na kuinasa bendi katika ukumbi wa dansi wa Fargo, North Dakota. Rekodi yao inaonyesha jinsi Blanton alivyowasukuma wenzake usiku kucha mbele ya wachezaji dansi.

Mwaka 1941 aliugua kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa ya kuuponya. Nafasi yake ilichukuliwa na Junior Raglin, na tarehe 30 Julai 1942 Blanton alifariki huko California.

Hata hivyo santuri zilikuwa zimekwisha kusambaa, na wapigaji vijana walijifunzia kwazo. Oscar Pettiford, aliyekaa katika kiti cha Blanton kwenye bendi ya Ellington kuanzia 1945, aliiingiza lugha ile katika bibop, mtindo mpya wa jazz wa wakati huo. Ray Brown, aliyezisikiliza tangu ujana, aliujenga mlio wake mnene juu ya ule wa Blanton. Charles Mingus aliifanya besi kuwa kiongozi wa bendi na sauti ya mtunzi. Desemba 1972 Ellington mwenyewe, akiwa na miaka 73, aliketi na Ray Brown studio, piano na besi tu, wakapiga tena Pitter Panther Patter na Sophisticated Lady, ambazo aliwahi kurekodi na Blanton miaka 32 kabla. Albamu hiyo iliitwa This One's for Blanton!