Majedwali ya 1981 na Maji ya Mto Ruvu

Husikika mara kwa mara, hata kwa watu waliotarajiwa kujua, kwamba Tanzania haikuwa na viwango vya ubora wa maji ya mito mpaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilipopita. Kabla ya hapo, tunaambiwa, kila kiwanda kilimwaga kilivyotaka. Kauli hiyo inaangushwa na kurasa chache tu: majedwali yaliyobandikwa mwishoni mwa Sheria Na. 10 ya 1981, iliyoifanyia marekebisho Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42 ya 1974. Wanaozifungua kurasa hizo ni wachache. Kwa mkazi wa Bagamoyo, anayepokea mwishoni mwa safari kila kilichoingia Ruvu tangu Uluguru, ni vigumu kutaja kurasa za sheria zilizomgusa zaidi ya hizo.

Ya kale nayapitia haraka. Ruvu ndio ule Kingani ambao misafara iliuvuka ikitoka Bagamoyo kwenda bara, na Stanley akiwamo mwaka 1871. Wajerumani walikuja, na mwaka 1891 wakahamishia makao yao Dar es Salaam. Waingereza walitunga sheria za maji zilizojali zaidi nani ana haki ya kuchota kuliko kilichomo ndani ya hayo maji. Muda wote huo watu wa pwani walipima kwa ulimi: maji baridi ya kunywa, maji chumvi ya kufulia na kuoshea vyombo. Kisima cha Kaole, kilicho hatua chache kutoka baharini, bado kinasifiwa kwa kipimo hichohicho.

Mwaka 1974 unahitaji utulivu. Miaka mitatu kabla, serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Kamati iliyopewa kazi ya viwango vya afya vya maji vijijini ikatoa viwango ilivyoviita vya muda. Floridi iliruhusiwa hadi miligramu 8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani lilisimama kwenye takriban 1.5. Kloridi, ambayo ndiyo chumvi tunayoijua sisi wa pwani, iliruhusiwa hadi 800; miongozo ya baadaye ya shirika hilo inataja 250, tena kwa sababu ya ladha. Waandishi wengi huitaja namba 8 kwa kejeli, kana kwamba wanakamati hawakujua kusoma. Walijua. Mbele yao palikuwa na vijiji vya Arusha na Singida ambavyo visima vyake vingefungwa vyote kama 1.5 ingeandikwa siku ile, na wananchi wangerudi kwenye madimbwi. Madhara ya meno na mifupa yalikuwa ya kweli, wala siyapunguzi. Lakini neno “muda” halikuwekwa pale kama pambo: 8 ilishuka hadi 4, na 4 ikashuka hadi 1.5 mwaka 2018. Safari ya miaka 44 ni ndefu mno, ila lawama ya urefu huo si ya waliouanza mwendo.

Turudi kwenye 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 viwanda vya nguo, ngozi na turubai vilikuwa vikisimikwa Morogoro, kando ya mto Ngerengere, ambao humwaga maji yake Ruvu. Na tangu 1976 mtambo wa Ruvu Chini, huku kwetu Bagamoyo, ulikuwa ukichota Ruvu na kuipelekea Dar es Salaam maji ya kunywa. Marekebisho ya 1981 yalimtaka mwenye maji taka awe na kibali, na yakaweka viwango vya aina mbili: vya maji yanayotoka kwenye bomba, na vya mto unaoyapokea. Mto uligawiwa madaraja matatu. La kwanza ni maji ya kunywa, ya mabwawa ya kuogelea na ya viwanda vya vyakula, vinywaji na dawa. La pili ni ya mifugo, uvuvi, ufugaji wa viumbe wenye magamba na michezo ya majini. La tatu ni ya umwagiliaji na viwanda visivyo na masharti makali.

Yasome madaraja hayo ukiwa Bagamoyo uone yanavyoteleza. Ruvu Chini inadai daraja la kwanza. Mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yangetosheka na la tatu. Mlangoni mwa mto, kwenye mikoko, ambako wavuvi wanafuata kambamiti, ni la pili. Mto haukubali kupangwa hivyo, kwani uchafu ulioruhusiwa juu kwa ajili ya mpunga hauwezi kugeuka ukifika kwa kamba. Hata hivyo, waandishi wa 1981 waliuliza swali sahihi: maji haya ni ya nani, na ya kazi gani?

Namba za bomba zina asili nyingine. Kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) cha maji taka cha 2005, TZS 860, kinataka uchafu usimeze zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, ukipimwa kwa siku tano kwenye nyuzijoto 20. Kipimo hicho chanzo chake ni tume ya kifalme ya maji taka ya Uingereza, iliyotoa ripoti yake ya nane mwaka 1912. Inasimuliwa kwamba siku tano zilichaguliwa kwa sababu hakuna mto wa Uingereza unaochukua muda mrefu zaidi kufika baharini. Tume ilipendekeza miligramu 20 za oksijeni, na 30 za chembe zinazoelea, kwa sharti kwamba mto uwe na angalau mara nane ya ujazo wa maji taka. Mto ukipungua, kiwango kikazwe. Ukizidi sana, kilegezwe.

Kilichotufikia ni namba; sharti lilibaki njiani. Ruvu ukifika pwani una joto kuliko nyuzi 20. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.6, huku uchafu ukioza kwa kasi zaidi. Wale wanaojivunia kwamba viwango vyetu “vinalingana na vya kimataifa” wangetakiwa kwanza kueleza ni mto wa taifa lipi wanaouzungumzia.

Mwaka 2007 na 2008 Ofisi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ikisaidiwa na Florida International University, ilifanya tathmini ya awali ya mtiririko wa Wami, mto unaoingia baharini karibu na Saadani: ni maji kiasi gani yabaki mtoni ili mto na mlango wake vibaki hai. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikafuata, na kuagiza vyanzo vipangwe katika madaraja na kila kimoja kitengewe akiba yake. Hapo roho ya 1981 ilirudi, safari hii ikiwa na kiasi cha maji ubavuni.

Kinachokosekana ni kuunganisha kiwango cha maji taka na kiasi cha maji kilichomo mtoni. Mwishoni mwa 2021, na tena 2022, Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Miezi hiyo yote, ile 30 ya maji taka ilibaki 30, Ngerengere ukiwa umejaa au ukiwa mchirizi. Jedwali la kukaza kiwango kadiri mto unavyopungua halihitaji sheria mpya. Vibali vya bonde vinaweza kulibeba, mwezi kwa mwezi, kuanzia Ngerengere.