Wimbledon: Michuano ya tenisi iliyoanza kwa kiingilio cha shilingi moja

KILA mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, macho ya wapenzi wa tenisi duniani huelekezwa katika kitongoji cha Wimbledon, kusini magharibi mwa jiji la London, Uingereza. Huko, katika viwanja vya Klabu ya All England, hufanyika mashindano ya kale kuliko yote katika mchezo huo, na ndiyo pekee kati ya manne makubwa ambayo bado yanachezwa juu ya nyasi.

Mengine matatu ni yale ya Australia yanayofanyika Melbourne mwezi Januari, ya Ufaransa yanayochezwa Paris kwenye udongo mwekundu kati ya Mei na Juni, na ya Marekani yanayohitimisha msimu jijini New York, Agosti na Septemba. Zamani matatu kati ya hayo manne yalichezwa kwenye nyasi. Marekani iliachana nazo mwaka 1975, Australia ikafuata mwaka 1988, Wimbledon ikabaki peke yake.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1868, na wala haikuwa ya tenisi. Wanachama wake walikuwa mabwana waliopenda kroketi, mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao na kuipitisha katika vitao vya waya vilivyosimikwa chini. Tenisi iliingizwa mwaka 1875, na miaka miwili baadaye, mwaka 1877, yakafanyika mashindano ya kwanza. Walijitokeza wanaume 22. Fainali ilitazamwa na watu wapatao 200, kila mmoja akilipa shilingi moja ya Kiingereza, na Spencer Gore akaibuka bingwa.

Wanawake waliruhusiwa mwaka 1884. Walikuwa 13 tu, na fainali yao iliwakutanisha ndugu wawili wa tumbo moja. Maud Watson akamshinda dada yake Lilian. Mwaka 1922 klabu ilihamia katika viwanja vya barabara ya Church, ambako ipo hadi leo. Mashindano yalisimama wakati wa vita kuu zote mbili, na Oktoba 1940 bomu la Wajerumani liliangukia Uwanja wa Kati na kuharibu viti 1,200. Yaliporejea baada ya vita hayakukosekana tena hadi mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa Uviko-19.

Kwa muda mrefu Wimbledon ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Aliyekubali kulipwa hadharani kwa ajili ya kucheza alifungiwa mlango, hata kama alikuwa bingwa mtetezi. Rod Laver wa Australia alitwaa ubingwa mwaka 1961 na 1962, akajiunga na wachezaji wa kulipwa, na kwa miaka mitano iliyofuata hakuruhusiwa kukanyaga nyasi hizo katika michuano hiyo. Wakati huohuo ilikuwa siri iliyojulikana na wote kwamba wengi wa walioitwa wa ridhaa walipewa bahasha kwa mlango wa nyuma.

Ni klabu yenyewe iliyouvunja utaratibu huo. Agosti 1967 iliwaalika wanaume wanane wa kulipwa kucheza katika Uwanja wa Kati, na Laver akashinda. Desemba mwaka huo chama cha tenisi cha Uingereza kilipiga kura ya kufuta tofauti kati ya ridhaa na kulipwa, na Machi 1968 shirikisho la kimataifa likakubali. Kiangazi cha mwaka 1968 Laver alirejea, akatwaa taji na kupewa pauni 2,000.

Bingwa wa wanawake wa mwaka huohuo, Billie Jean King wa Marekani, alipewa pauni 750.

Pengo hilo ndilo lililozaa mgogoro mrefu kuliko yote katika historia ya michuano hiyo. King hakulinyamazia. Juni 1973, siku chache kabla ya Wimbledon kuanza, aliwakusanya wachezaji wenzake katika hoteli moja ya London na hapo kikaundwa Chama cha Tenisi cha Wanawake, WTA. Mwaka huohuo mashindano ya Marekani yakawa ya kwanza kuwalipa mabingwa wa jinsia zote sawa. Wimbledon haikufuata.

Mwaka huo wa 1973 ulikuwa mgumu kwa klabu kwa sababu nyingine pia. Wanaume 81 walisusia michuano wakimtetea Nikola Pilic wa Yugoslavia, aliyekuwa amefungiwa na shirikisho. Walijitoa wachezaji 13 kati ya 16 waliopangwa kuwa bora, lakini mashindano yakaendelea na Jan Kodes wa Czechoslovakia akabeba kombe. Tangu hapo viongozi wa tenisi walitambua kwamba wachezaji wakisimama pamoja ni nguvu isiyopuuzwa.

Kuhusu wanawake, hoja ya klabu ilikuwa moja kwa miongo mitatu. Wanaume hucheza hadi seti tano na wanawake hadi seti tatu, kwa hiyo kazi si sawa na malipo hayawezi kuwa sawa. Iliongezwa pia kwamba mwanamke, kwa kuwa hachoki sana, hupata nafasi ya kuongeza kipato katika mechi za wawili wawili. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro iliyo wazi, kwani mtazamaji halipi kiingilio kwa saa, na mwanamume aliyemaliza kazi yake kwa seti tatu za haraka hakukatwa hata senti. Kufikia mwaka 2006 tofauti ilikuwa imebaki ndogo: Roger Federer alichukua pauni 655,000 na Amelie Mauresmo pauni 625,000. Udogo huo ndio uliowakera wengi zaidi, kwa kuwa pauni 30,000 hazikuwa mzigo kwa klabu yenye utajiri wa aina hiyo.

Aliyelivalia njuga suala hilo ni Mmarekani Venus Williams. Mwaka 2005, siku moja kabla ya fainali yake, aliingia katika kikao cha viongozi wa mashindano makubwa manne, akawaomba wafumbe macho na kumfikiria binti anayeambiwa kwamba thamani yake ni ndogo kwa sababu tu ni mwanamke. Kesho yake alimshinda Lindsay Davenport kwa 4-6, 7-6, 9-7 katika mchezo wa saa mbili na dakika 45, fainali ndefu kuliko zote za wanawake Wimbledon. Ni vigumu kupata jibu bora kuliko hilo kwa wale waliodai kwamba wanawake hawachoki.

Mwaka uliofuata aliandika makala katika gazeti la The Times la London, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Tony Blair, akaunga mkono hoja yake bungeni. Februari 2007 klabu ilitangaza malipo sawa kwa raundi zote. Miezi mitano baadaye Williams mwenyewe akawa bingwa wa kwanza mwanamke kufaidika na uamuzi huo, akipokea pauni 700,000 sawasawa na Federer. Mwaka 2025 Jannik Sinner wa Italia na Iga Swiatek wa Poland, mabingwa wa mwaka huo, walipata pauni milioni tatu kila mmoja.

Kwa upande wa uwanjani, nyasi zenyewe ni taaluma. Hukatwa kwa urefu wa milimita nane, na tangu mwaka 2001 ni za aina moja tu, inayostahimili kukanyagwa. Mabadiliko hayo yaliufanya mpira udunde juu zaidi, na mchezaji wa kupiga na kukimbilia wavuni, aliyetawala Wimbledon kwa vizazi, akaanza kutoweka. Wavazi wa rangi nao hawana nafasi: mavazi ni meupe, ingawa tangu mwaka 2023 wanawake wanaruhusiwa kuvaa kaptula ya ndani yenye rangi ya kukolea, baada ya kulalamikia wasiwasi wanaoupata wakiwa katika siku zao.

Mvua, adui wa zamani, ilipunguzwa makali mwaka 2009 Uwanja wa Kati ulipowekewa paa linalofunguka. Mechi zisizo na mwisho nazo zilidhibitiwa. Mwaka 2010 John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza saa 11 na dakika tano katika siku tatu, seti ya tano ikiishia 70-68. Siku hizi seti ya mwisho ikifikia 6-6 huamuliwa kwa pointi 10. Mwaka 2025 waamuzi wa mistari, waliokuwepo kwa miaka 147, waliondolewa na nafasi yao kuchukuliwa na mitambo ya elektroniki. Mitambo hiyo nayo si malaika; mwaka huohuo ilizimwa kimakosa katikati ya mchezo wa Anastasia Pavlyuchenkova na Sonay Kartal.

Historia ya watu weusi Wimbledon ilianza kuandikwa na Althea Gibson wa Marekani, bingwa wa mwaka 1957 na 1958, aliyekabidhiwa tuzo na Malkia Elizabeth wa Pili. Arthur Ashe alifuata mwaka 1975 kwa kumwangusha Jimmy Connors, na hadi mwaka 2025 hakuna mwanamume mweusi mwingine aliyetwaa taji hilo la mchezaji mmoja mmoja. Afrika ilipata bingwa kwa njia ya mkato mwaka 1954, pale Jaroslav Drobny, mzaliwa wa Prague aliyeikimbia nchi yake, aliposhinda akiwa na uraia wa Misri. Mtunisia Ons Jabeur alifika fainali mwaka 2022 na 2023, akapoteza zote mbili.

Mwaka huohuo wa 2022 Afrika Mashariki nayo ilitajwa. Angella Okutoyi wa Kenya, akiwa na umri wa miaka 18, alishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp kutwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili, na kuwa Mkenya wa kwanza kubeba taji la vijana katika mashindano makubwa manne. Walianza fainali kwa kupoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha pointi za mwisho 11-9. Waliowashinda ni Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, binti wa wazazi kutoka Kongo, ambaye Agosti 2025 alitwaa ubingwa wa wakubwa wa mashindano ya Canada mjini Montreal.