Njia ya Jua na Majina ya Pande katika Unyamwezi

Mfanya biashara wa pwani wa karne ya 19, aliyeifuata njia ya misafara hadi Tabora na kutoka hapo akaelekea kaskazini-magharibi hadi Ulyankulu, katika nchi ya Mirambo (aliyefariki mwaka 1884), alichukua maneno yake pamoja na mizigo yake. Miongoni mwa maneno hayo yalikuwamo kaskazini na kusini. Yafaa tuyachunguze, kwani yalifika bara bila ya pepo zilizoyazaa.

Pwani, kaskazi ni upepo kwanza, kisha ndipo liwe jina la upande. Huvuma tangu Disemba hadi Machi. Kusi huvuma tangu Mei hadi Septemba. Mgeni aweza kudhani kwamba wakati wa kaskazi jua nalo liko kaskazini. Sivyo. Karibu na tarehe 22 Disemba jua huwa limefika mwisho wa safari yake ya kusini, digrii 23 na nusu toka Ikweta. Nchi za huko hupata joto, hewa yake hupanda, na hewa ya kaskazini huja kuchukua mahali pake. Basi upepo hulifuata jua, lakini huitwa kwa jina la kule utokako. Baharia anapotaja kaskazi, jua liko upande wa pili.

Unyamwezi mambo ni mengine. Tabora iko karibu digrii 5 kusini ya Ikweta, na huko jua la saa sita hupita utosini kama tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba. Ulyankulu yahitilafiana nayo kwa siku moja au mbili tu. Hizo sizo siku ambazo mchana na usiku hulingana, kama tulivyozoeshwa na vitabu vya shule vilivyotungwa kwa nchi nyingine. Kwa miezi saba kivuli cha adhuhuri huanguka kusini, na kwa miezi mitano huanguka kaskazini. Jua lirudipo utosini mwezi wa Oktoba, mvua haziko mbali.

Wenyeji hawakuzipa pande majina ya pepo hizo za bahari. Kaskazini ni sukuma, kusini ni dakama, mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli. Jina la Wanyamwezi lenyewe wengi hulifasiri kuwa watu wa magharibi, mahali uonekanapo mwezi mwandamo baada ya jua kuchwa. Walakini machweo si nukta moja: tangu Juni hadi Disemba mahali pa kuchwea jua huhama kwa kadiri ya digrii 47. Majina ya namna hii hutaja eneo pana la upeo wa macho, wala hayalingani barabara na alama za dira. Mtunga kamusi atoaye neno moja kwa neno moja hulificha jambo hili.

Kaskazini lilipatanaje na sukuma? Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, alieleza kwamba ilikuwa vigumu kuwatoa watu mashambani kati ya Oktoba na Mei. Kwa hiyo, yamkini mpagazi wa Kinyamwezi aghalabu aliiona pwani wakati wa kusi. Kaskazi alilisikia likitajwa, bali upepo wenyewe haukumpiga usoni. Akarudi kwao na jina la upande tu.